Kuni za Msiba wa Mhindi

Shida ilinianza mwaka 1971. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kabla ya hapo tulikuwa maskini kama kila mtu wa kijiji chetu cha Yakobi alivyokuwa maskini, na umaskini wa wote mimi siuiti shida, ni hali tu. Shida ni pale inapokuja kukuchagua wewe mlangoni kwenu.

Baba alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge. Wanaume wengi wa Ubena walikwenda huko. Waliondoka na blanketi wakarudi na baiskeli, au hawakurudi. Wa kwetu hakurudi. Aliyekuja badala yake alikuwa Mmakonde mwenye chale uso mzima, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Watoto tulipomwona anapanda njia ya kwetu tulikimbilia kwenye mianzi tukajificha. Hatukuwahi kuona mtu wa namna hiyo. Alikuwa amedandia malori hadi Makambako, halafu akatembea. Mkononi ameshika panga la baba, begani blanketi la baba. Mama alipoliona lile blanketi hakuhitaji kuambiwa.

Bibi, mama yake baba, alimpa yule mtu kiti na maji. Kiswahili bibi hakukijua, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuwa anatafsiri.

"Mama, mwanao aliumwa homa," Mmakonde alisema. "Tumemzika sisi watu wa kambi. Mimi, Wanyamwezi, na Waha."

Bibi hakulia. Alimgeukia baba mdogo: "Mwulize, walimlaza kichwa upande gani?"

Mmakonde akaangalia chini. "Hakutuambia mambo ya kwenu, mama. Tulimfanyia kama tunavyowafanyia wa kwetu. Kama tulikosea, ni kwa kutojua."

Bibi akainuka, akaingia ndani. Aliishi miaka mingi baada ya pale, na kila tulipotoka kuzika mtu kijijini alikuwa anasema jambo moja: huyu angalau najua amelala vipi. Yule Mmakonde alilala kwetu, asubuhi akaondoka. Jina lake sikulijua. Panga ninalo mpaka leo.

Shule niliacha darasa la tatu. Wanaosema elimu ya dunia inatosha ni wale waliosoma. Mimi haikunitosha, ila ndiyo niliyopata.

Nilikwenda Makambako kwa sababu ndiko watu walikokuwa wanakwenda. Wachina walikuwa wanajenga reli. Makambako ya wakati ule haikuwa mji, ilikuwa vumbi na mahema. Nikawa nauza viazi vya kuchemsha pembeni mwa kambi yao. Nyumbani tuliambiwa Wachina wanakula nyoka na kwamba mtoto akikaa nao macho yake yatakuwa madogo. Mimi nilikaa nao, macho yangu haya hapa. Walikula viazi vyangu kama watu wengine. Mmoja wao, fundi seremala, aliniona nimebeba kipande cha msumeno nilichokiokota, kimeliwa na kutu. Hatukuwa na lugha. Alikichukua, akatoa tupa, akanionyesha jino la kwanza, jino la pili, akanipa nimalizie. Nilipokosea alinipiga kidogo kwenye kidole kwa ile tupa, nikaanza upya. Mwisho akaniachia tupa yenyewe. Hiyo ndiyo shule yangu ya pili na ilinifaa kuliko ya kwanza.

Siku moja nilifika na beseni langu, hakuna mnunuzi. Wachina wote wamesimama kwenye mstari, kofia mkononi, manyunyu yanawapiga vichwani. Wametulia kabisa. Nikamwuliza Mhehe mmoja aliyekuwa kibarua pale, "Wanafanya nini?"

"Wanamlilia mwenzao. Amekufa kambi ya mbele."

"Mbona hawalii?"

"Ndivyo wanavyolia hao. Kaa kimya na wewe."

Nikatua beseni, nikasimama. Nilimfikiria baba na wale Waha wake.

Reli ilipokwisha nikarudi Njombe na tupa yangu. Nikawa mpasua mbao. Wakati huo tulipasua kwa mikono, gogo juu ya shimo, mmoja juu mmoja chini, na aliye chini anakula unga wa mbao siku nzima. Mimi nilianza chini. Msumeno wetu ulipokwisha meno tulikwenda kununua dukani kwa Mhindi.

Jina lake silitaji, maana hakuna aliyemwita kwa jina. Mji mzima ulimwita Mhindi, naye mimi aliniita Mbena, ingawa nusu ya wateja wake walikuwa Wabena na nusu nyingine Wakinga. Duka lake lilikuwa la vifaa, lenye misumari, bawaba, misumeno, mabati na kamba. Siku ya kwanza nilimwambia nataka tupa kama hii yangu. Akauchukua msumeno wangu kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye meno.

"Nani amekufundisha kunoa?"

"Mchina."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Mbena amefundishwa na Mchina, amekuja kununua kwa Mhindi. Mwingereza naye yuko wapi tukamilike?"

Sikucheka. Watu wanapenda kusema walipatana na fulani tangu siku ya kwanza. Uongo. Mimi huyu mtu sikumpenda. Alikuwa bahili. Msumari uliopinda aliunyoosha kwa nyundo akauuza. Alikaa kwenye kiti kirefu nyuma ya kaunta akakuangalia mikono tangu unaingia hadi unatoka. Nami nikawa namwangalia yeye vilevile, kwa sababu kila mwaka watu walisema Mhindi ataondoka, kesho atafunga duka aende kwao. Siku moja nikamwuliza usoni: "Unaondoka lini kwenda kwenu?"

"Kwetu wapi?"

"India."

Akanyoosha kidole juu, kwenye dari la mbao. "Mimi nimezaliwa hapo juu. Baridi ya Njombe ndiyo niliyovuta kwanza. Wewe umezaliwa Yakobi, umeingia mjini jana na matope miguuni. Unaondoka lini wewe kwenda kwenu?"

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda, kama mnataka kujua. Mtu anayekujibu hivyo hakuogopi wala hakudharau.

Miaka ikapita hivyo, tunatukanana. Nikanunua mashine ya kupasulia, nikaiweka Makambako karibu na stesheni. Yeye akanywea, nywele zikawa nyeupe. Mwanawe wa pekee alikwenda kusoma Ulaya akiwa mdogo, akabaki huko. Krismasi Mhindi alikuja kwangu Yakobi na mkewe. Sisi Walutheri wa huku tunachinja nguruwe siku hiyo, naye alikaa na sahani yake ya viazi na maharage ambayo mke wangu alimpikia kwenye chungu cha peke yake, kisichoguswa na nyama. Kila mwaka alisema lilelile: "Huyu nguruwe aliwakosea nini ninyi?" Na mke wangu kila mwaka alijibu, "Kula, baba, wewe hujakosewa na mtu." Siku yao ya taa walipanga vijitaa vya udongo kwenye ngazi za duka, nami nilikwenda, nikakaa. Sikuelewa wanachoimba. Sikuwa na haja ya kuelewa, nilikuwa mgeni na chai ilikuwa na tangawizi nyingi.

Mkewe alipofariki hakunipa hata nafasi ya kumzika. Alikodi gari akampeleka Dar es Salaam, kwa sababu wao hawaziki, wanachoma, na huku kwetu hakuna mahali pao. Aliporudi nilimkuta dukani mchana, milango imefunguliwa nusu, hauzi kitu.

"Nilimpeleka kwenye barafu, Mbena," alisema. "Kama samaki. Njia nzima barafu inayeyuka, maji yanachuruzika kwenye lami, na dereva ananiuliza kama tuongeze barafu nyingine."

Nikavuta boksi la misumari, nikakaa.

"Wewe una kuni," akasema.

"Ninazo."

"Na shamba lako lina maji yanayotembea."

"Kijito kipo."

"Basi mimi usikubali nipelekwe popote. Nichome hapa. Mimi ni wa hapa."

Nikamwambia ukweli. "Mhindi, unajua hapa kwetu anayechomwa ni nani? Ni mwizi. Anakamatwa sokoni, anavishwa tairi. Watu wataona nakufanya kama mwizi."

Akasema, "Na mimi ninapowaona mnamfukia mama yenu kwenye udongo huu wa baridi, mvua inamnyeshea humo peke yake, huwa nawaonea huruma. Tumeshaoneana huruma vya kutosha. Utafanya au hufanyi?"

"Nitafanya."

"Sema kwa Kibena, ndipo nitaamini."

Nikasema kwa Kibena. Yeye Kibena alikijua kuliko watoto wangu.

Mhindi alikufa Juni, asubuhi, sakitu, ule umande ulioganda, imelala kwenye majani ya viazi kama chumvi. Jirani yake wa duka alinipigia simu. Tulimpeleka chumba cha maiti cha hospitali, kisha nikampigia mwanawe.

"Shikamoo, mzee," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki pale alipokiacha, cha mtoto wa shule ya msingi. Alilia kwanza. Halafu akasema, "Naomba baba awekwe vizuri tu. Nikifika tunamsafirisha Dar. Pale kuna kila kitu."

"Baba yako alisema hapa."

"Alimwambia nani?"

"Mimi."

"Samahani, mzee wangu. Imeandikwa mahali?"

"Haikuandikwa. Mimi siandiki."

"Basi tutaongea nikija."

Nilikaa na ile simu mkononi. Mtoto hakukosea. Baba ni wake, kamzaa yeye. Mimi nilikuwa na neno tu, la watu wawili, na mmoja yuko kwenye jokofu. Lakini nilijua kitu kimoja: mtu huyu akipandishwa kwenye barafu kwenda Dar, mimi nitabaki na swali la bibi mpaka naingia kaburini.

Msiba nikauweka kwangu Yakobi, kwa sababu kule dukani hakuna hata uwanja wa kukaa watu. Na msiba ukishawekwa, majirani hawangoji kualikwa. Huku kwetu ukisikia msiba unajitwisha kuni unakwenda. Mwenye unga anabeba unga, mwenye maharage maharage, lakini kuni kila mtu, hata mjane asiye na kitu ana kuni. Jioni ile ile lundo la kuni za miwati mikavu lilikuwa limefika kiunoni kwangu. Walimjua Mhindi. Hakuna nyumba Yakobi isiyo na bawaba yake mlangoni.

Mimi nikaingia karakana nikamtengenezea jeneza. Nilikuwa na mbao za mninga nilizozinunua miaka mingi nyuma kwenye lori lililotoka Chunya, nikazikausha juu ya dari kwa ajili ya jeneza langu mwenyewe. Sikutaka wanangu wanizike kwenye paina, mbao laini ya misonobari. Nikazishusha. Nikazipiga randa mwenyewe, wanangu niliwakataza kugusa. Nilifikiri hivi: mtu akichomwa, achomwe ndani ya kitu cha heshima.

Siku ya pili nikasimama mbele ya watu nikasema wazi kitakachofanyika. Kwamba huyu hazikwi. Kwamba atachomwa kule bondeni, kwenye shamba langu, karibu na kijito. Kwamba bwana afya ameshapaona mahali na kibali kimetoka, bado mwanawe tu kukubali.

Mzee wa kanisa, ambaye tumebatizwa pamoja, akanivuta pembeni.

"Mzee mwenzangu, umefikiri? Ardhi hiyo unalima. Nani atakula viazi vya shamba lililochomewa mtu?"

"Sitalima pale tena."

"Na usharika watasema nini? Mzee mzima, umekaa kiti cha mbele kanisani, unachoma maiti kama kuni za tofali?"

"Watasema wanachosema sasa hivi kupitia kwako."

Akanuna. Si mtu mbaya, na tumeendelea kusalimiana. Lakini alipotoka pale akaondoka kabisa.

Halafu mama mmoja jirani, mwenye maneno makali tangu ujana wetu, akaenda kwenye lundo, akavuta mzigo wake wa kuni. Aliujua kwa kamba ya katani aliyoufungia. "Kuni zangu nilileta za kupikia watu ugali," akasema. "Sikuleta za kumchomea mtu. Nisije nikaulizwa mbinguni." Akajitwisha, akaondoka. Hakuna aliyemzuia. Wengine wawili walitazamana, wakatazama lundo. Mke wangu akaja akasimama karibu yangu.

"Baba watoto, kama wote watachukua?"

"Wachukue. Zangu zinatosha."

Ni kweli zilitosha. Magogo yangu yangechoma kijiji kizima. Lakini si hicho alichokuwa ananiuliza, na mimi nilijua.

Nikarudi mbele ya watu. Mimi si msemaji. Niliwaambia habari ya baba yangu na Mmakonde. Wazee waliijua, vijana hawakuijua. Nikasema, "Wale watu wa Tanga walimzika baba yangu kwa kukisia. Siwalaumu, hakuwaambia. Huyu ameniambia, kwa mdomo wake, nami nimeitikia. Nikimfanya vingine, nitasingizia nini?" Nikakaa. Kuni hazikuondoka tena siku ile.

Mwanawe nilikwenda kumpokea Makambako, njia panda, alipofika na gari kutoka uwanja wa ndege wa Songwe. Alikuwa na mzee mmoja wa dini yao aliyemchukua Mbeya, mwembamba, mkimya, mwenye mfuko wa vitu vya ibada. Kijana mwenyewe mtu mzima sasa, ana upara kama wa baba yake. Aliinama akanigusa miguu, jambo ambalo huku halifanywi, nikaruka nyuma kama nimeona moto. Madereva wa bodaboda wakacheka. Naye akacheka kidogo, halafu akalia.

Njiani hakusema sana. Alikuwa anaangalia misonobari. Nilipotaka kuanza habari yangu alisema, "Mzee, gari la barafu limeshalipiwa. Kesho asubuhi linakuja." Nikanyamaza. Mambo mengine hayasemwi ndani ya gari.

Tulipofika kwangu akashuka, akawaona watu. Wanaume kwenye mabenchi wamejifunga mablanketi, wanawake chini kwenye mikeka, sufuria kubwa tatu motoni, na lile lundo. Akasimama mbele ya lundo. Mzee wa dini naye akasimama.

"Hizi zote umenunua kwa ajili ya baba?" kijana aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Ingenisaidia. Nikamwambia ukweli: "Hazijanunuliwa. Zimeletwa na majirani, kila mtu na mzigo wake. Lakini usije ukakosea. Wamezileta za kupikia. Ndiyo desturi yetu, msibani mtu anakuja na kuni."

Akamtafsiria yule mzee kwa lugha yao. Mzee akajibu maneno mengi, polepole, anaonyesha lundo kwa kiganja. Kijana akanigeukia.

"Anasema, kwetu pia mtu anakuja na kuni. Kila aliyempenda marehemu anaweka kijiti chake. Dar…" Akaanza upya. "Mama alipochomwa Dar, vijiti vilikuwa viwili. Cha baba na cha dereva. Mimi sikuwahi."

Watu walikuwa wanasikia. Kiswahili chake cha kitoto kila mtu alikielewa. Akawageukia wanawake, akaunganisha mikono kifuani. "Naomba. Katika kila mzigo, naomba kijiti kimoja tu. Asiyetaka sitachukia."

Hapo ndipo mambo yangeweza kwenda kokote. Nilimwona mke wangu ameshika mwiko hajui auweke wapi. Wa kwanza kusema alikuwa bibi mmoja mkongwe, mkubwa kuliko wote pale, ambaye hata kusimama ni mpaka ashikwe.

"Mbona mnamsumbua mfiwa?" alisema. "Kuni nimeleta msibani. Nikishaziweka hapa si zangu. Mwenye msiba ndiye anayejua zipi za kupikia na zipi za nini. Nani ameleta kuni msibani halafu akasimamia jiko?"

Wanawake wakacheka, kile kicheko cha chini cha msibani. "Ni kweli, bibi." "Kweli kabisa." Yule bibi akaongeza, "Mvulana, chukua. Chukua na ule ukuni mnene, huo ni wangu."

Kijana akaniangalia. "Mzee, piga simu. Gari lisije."

Nilisema anayepiga ni yeye, mimi namba sina. Akapiga.

Kisha nikawapeleka karakana kuwaonyesha jeneza. Sitasahau. Mzee wa dini alilizunguka, akapitisha kiganja kwenye kifuniko, akasema kitu, na kijana akawa anatafuta namna ya kuniambia. Kwamba wao hawatumii jeneza. Mtu analazwa juu ya kuni na nguo nyeupe, basi. Moto unatakiwa umfikie.

Mimi nilikuwa nimejua habari ya kuchoma kwa miaka yote ile, lakini sanduku sikuwahi kuuliza. Kichwani mwangu mtu akifa anapigiwa sanduku, hata kama anapelekwa mwezini. Nilisikia uso wangu unawaka. Ule mninga, mikono yangu, kila kitu. Kijana akanishika bega.

"Hizi mbao unaweza kuzibandua?"

"Msumari ninaoupiga mimi haubanduki hovyo."

"Jaribu. Ziende naye. Si kama sanduku. Kama kuni zako."

Nikachukua mtarimbo nikabandua mwenyewe. Misumari ilikuwa ya dukani kwake. Niliinyoosha mmoja mmoja nikaiweka kwenye kopo, nadhani angefurahi.

Tulimchoma kesho yake mchana, ukungu umeshapanda. Nilipanga magogo mimi na wanangu. Akalazwa, uso wazi. Watu wa Yakobi hawajazoea kuona uso wa marehemu nje chini ya anga, wengine waligeuka. Lakini walipita mmoja mmoja, kila mtu na kijiti chake. Wa kwanza alikuwa yule bibi, wajukuu wamembeba. Watu wengi waliweka, si wote. Wengine walisimama ng'ambo ya kijito, na yule mama wa kamba ya katani nilimwona huko, amejifunga khanga kichwani, hakuvuka. Baadaye alinisalimia njiani akasema, "Mzee, mimi sikukutukana. Niliogopa." Nikamwambia hata mimi niliogopa.

Mimi niliweka mninga. Kijana akazunguka na chungu cha maji begani, maji yanatiririka, akakivunja, akawasha. Kwaya haikuimba, hakuna aliyejua tuimbe nini. Tulisimama. Nilivua kofia. Nikawaona na wanaume wengine wanavua kofia, na nikakumbuka ile mistari ya Wachina kwenye manyunyu. Mzee wa dini aliimba peke yake mpaka moto ukawa mkubwa kuliko sauti yake. Sasa najua mtu anavyokwenda kwa moto. Anakwenda haraka. Si kama mwizi. Hakuna anayepiga kelele.

Majivu tulikwenda kuyamwaga mto Ruhuji, mimi na kijana.

"Maji haya yanakwenda wapi, mzee?"

"Yanashuka Kilombero, yanaingia Rufiji, halafu baharini."

"Kwa hiyo anaweza kufika India."

"Hakuwahi kutaka kwenda India. Atasimama anapotaka mwenyewe."

Akacheka huku analia. Kabla hajaondoka aliniuliza nataka nini cha dukani. Nikachukua kile kiti kirefu.

Nilikwenda Tanga mara moja, nikiwa na nguvu, kutafuta kaburi la baba. Nilikuta mkonge. Sikurudi tena. Lakini tangu Juni ile swali la bibi halinisumbui kama zamani. Baba alizikwa na watu ambao mmoja wao alitembea mpaka Yakobi kuja kusema hawakujua. Sasa naona si kidogo.

Nimeanza na shida, namalizia na nilicho nacho, watu wasije wakasema mzee alijisifu bila ushahidi. Nina nyumba ya tofali za kuchoma Yakobi, bati la kijani. Nina mashine ya kupasulia mbao Makambako na nyingine mbovu. Nina shamba la misonobari na la parachichi. Nina ng'ombe wawili wa maziwa. Nina panga la baba, na tupa ya Mchina, imelainika kabisa, hainoi kitu. Nina kiti kirefu cha duka na kopo la misumari iliyonyooshwa. Nina kipande cha ardhi bondeni karibu na kijito ambacho hakilimwi wala hakiuzwi, na wanangu wanajua. Mbao za jeneza langu sina. Watanizika kwenye paina.